Nionyeshe Likiumwa

Gari lilikuwa la zamani, la milango miwili, na kitu pekee kilichokuwa bado cha kwake tangu kiwandani ni honi. Injini ilitoka kwenye gari moja, giaboksi kwenye jingine, breki kwenye gari la bwana mmoja aliyegonga ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Turbo, ile pampu yenye umbo la konokono inayosindilia hewa ndani ya injini ili ichome mafuta mengi zaidi, ilikuwa kubwa mno, ikabidi bati la ndani likatwe ndipo boneti ifunge. Mpaka rangi wa jirani, ambaye alikuwa shemeji wa mwenye gereji, alisema hilo si gari, ni kikao cha ukoo: kila mmoja katoka kwake na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Mwenye gereji aliitwa Kobe. Hakuwa mvivu. Jina alipewa kwa kuwa alikuwa haharakishwi na mtu, na akichokozwa huingiza shingo kwenye kola, akanyamaza mpaka mchokozi achoke mwenyewe. Gari alilijenga pamoja na binti yake, jioni kwa jioni. Binti alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anaingia alfajiri anatoka mchana, na akitoka huja moja kwa moja gereji, unga bado uko kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyeliendesha kwenye mashindano ya kupanda mlima, yale ambayo magari huondoka moja moja na kuangaliwa nani kafika juu upesi. Kobe hakuwa mtu wa kusema nampenda mwanangu. Alikuwa mtu wa kukaza bolti za kiti chake, akaenda kunawa mikono, akarudi kuzikaza tena.

Siku moja, mashindano yakiwa yamekaribia, binti alikuwa anarudi nyumbani na gari, akaanza kulipita lori la matofali kwenye mwinuko. Gari lilivuta vizuri, turbo ikapiga mluzi, na pale pale ambapo nguvu zote zilitakiwa kuja, injini ikaanza kukohoa. Iliruka, ikakata, ikaruka tena, kama mtu aliyepaliwa. Mbele kulikuwa na gari linakuja. Nyuma ya lori gari jingine lilikuwa limeshaziba nafasi. Binti hakuwa na nguvu ya kwenda wala pa kurudi. Dereva wa lori, Mungu ampe maisha marefu, aliona, akakanyaga breki mpaka matofali yakamwagika, na binti akapenya.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alisimulia mezani huku anatafuna, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Mama yake, mshonaji asiyependa maneno mengi, aliweka kijiko chini. Hakupiga kelele, angepiga kelele Kobe angepata pa kupumulia. Alisema tu kwamba yeye hana ugomvi na mashindano wala na mwendo, maana mtoto kamzaa mwenyewe na anajua alivyo. Ugomvi wake ni na gari linalokuacha katikati ya njia bila kukwambia sababu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Ukinionyesha ugonjwa wake, nitanyamaza. Usiponionyesha kabla ya mashindano, injini hiyo utaing'oa wewe mwenyewe, kwa mikono yako, na mimi nitakuwa nimesimama hapo natazama."

Kobe aliingiza shingo kwenye kola. Kisha akasema sawa. Lililomuuma ni kwamba hakuona pa kubisha. Angeletewa gari la namna hiyo na mtoto wa mtu mwingine, angesema maneno hayo hayo, tena kwa ukali zaidi.

Injini kukosa moto, au kumisi kama wanavyosema gereji, kwa kawaida si jambo la kumnyima fundi usingizi. Ndani ya injini hewa na petroli hubanwa, plagi hupiga cheche, mchanganyiko ukawaka, gari likaenda. Cheche ikikosa, hakuna kuwaka. Taabu ya turbo ni kwamba hewa ikibanwa sana, cheche nayo hupata kazi ngumu ya kuruka, sawa na mtu anayewasha kiberiti penye upepo. Cheche dhaifu itakudanganya ukiwa unakwenda taratibu. Ukikanyaga mafuta, inazimika.

Na gari hili lilikuwa linadanganya hivyo hivyo. Likisimama linanguruma kama paka aliyeshiba. Mtaani linakwenda kwa adabu, utadhani linapeleka watu harusini. Lipeleke mlimani, presha ya turbo ipande, ndipo linapoanza kifaduro chake.

Kila aliyepita gereji alikuwa na jibu. Muuza vipuri alisema petroli ina maji. Fundi wa matairi alisema ni kijicho, gari linatazamwa sana. Kobe akamwambia hicho kijicho kina akili kweli, maana kinasubiri gia ya tatu.

Aliyekuja na maneno ya maana alikuwa yule kijana aliyeifungia injini kompyuta yake, mtaa mzima ukimwita Kompyuta kana kwamba hakuzaliwa na jina. Alipanda na binti, mashine yake ikiwa mapajani, wakaenda mlimani wakarudi. Akawaonyesha mistari kwenye kioo: petroli inafika ya kutosha, hewa inafika, amri ya kupiga cheche inatoka kwa wakati wake. Kinachokosekana ni moto wenyewe. Kwa nini unakosekana, alisema, hajui. Kobe alimpendea hilo. Mafundi wengi wangekufa kabla ya kusema hawajui.

Sasa, wiki ile ile gari lilipoanza kuumwa, walikuwa wameongeza presha ya turbo. Kwa hiyo wote wawili, kama watu wenye akili zao, waliilaumu presha. Binti alizitoa plagi, akazipunguza mwanya kwa kugongagonga ncha zake taratibu, ili cheche isiwe na safari ndefu. Gari lilipata nafuu kidogo, kisha likakohoa. Wakapunguza presha ya turbo. Likakohoa, ila kwa kuchelewa. Wakakagua nyaya moja baada ya nyingine, wakabadilisha soketi moja iliyoonekana kulegea, na gari halikuwa na habari nao.

Mwisho Kobe akaazima koili mpya. Koili ndizo zinazotengeneza ule umeme mkali wa cheche, na katika injini hii kila plagi ilikuwa na koili yake, imekaa juu yake kama kofia. Walizifunga jioni. Binti akaenda mlimani, akarudi anacheka. Akaenda tena, akarudi anacheka. Kompyuta akapeana mikono na kila mtu aliyekuwa karibu, hata mteja aliyekuja kuulizia betri. Usiku ule Kobe alikula sahani mbili, akamtangazia mkewe kwamba ugonjwa umeonekana, zilikuwa koili, mambo yamekwisha.

Asubuhi yake, kwenye mwinuko wa kwanza tu, gari likakohoa kama kawaida.

Kumwambia mkewe ile habari ya pili kulikuwa kugumu kuliko kuinua giaboksi peke yako. Mke alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa, akasema "Haya," akazirudisha. Kobe alitamani angetukanwa.

Baada ya hapo hakuwa na pa kushika. Alipima nguvu ya mbano wa kila silinda, akaona ni nzima. Akafungua matumbo ya ekzosi, akayafunga. Alianza kushuku vitu vya ndani kabisa, pistoni na vali, vile ambavyo alivifunga yeye mwenyewe kwa mikono iliyonawa, na fundi akishaanza kuishuku mikono yake hana tena wa kumuuliza. Mashindano yalikuwa yamekaribia mno. Ahadi ni deni. Basi mchana mmoja akaleta winchi ya mnyororo, ile ya kunyanyulia injini, akaining'iniza kwenye boriti juu ya boneti. Binti aliingia, akaiona inaning'inia. Alichukua ufagio akaanza kufagia sehemu ya sakafu ambayo tayari ilikuwa safi.

Kobe akaomba waiwashe injini mara ya mwisho, aisikilize. Kompyuta akaingia kwenye kiti na mashine yake. Injini ikawaka, ikatulia kwenye mngurumo wake wa kinafiki. Kobe akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho.

Hapo ndipo shemeji yake alipoingia. Mtaani walimwita Msasa, kwa kuwa ulimi wake ukikupitia unakutoa ngozi. Alikuwa mdogo wake mke wa Kobe, na mpaka rangi kwelikweli, hilo hata maadui zake walilikubali. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na oveni kuukuu ya mikate, iliyotupwa na kiwanda anachofanyia kazi binti. Humo ndimo alimokuwa anaoka vyuma alivyovipulizia rangi ya unga, rangi ikiyeyuka na kushika kama ngozi. Kauli yake ilikuwa moja: yeye haachi chuma uchi. Ukimpelekea bawaba, anakurudishia imevaa mpaka ndani ya tundu la skrubu.

Msasa alianza kwa kuuliza kama shemeji anasikiliza injini au anaongea na simu. Akaichungulia ile injini, na uso ukamharibika. Juu ya injini kulikuwa na mfuniko wake mwekundu, kazi ya mikono yake, aliyompa mpwa wake kama zawadi. Sasa mfuniko wote ulikuwa na alama nyeusi za vidole.

"Nyie watu hamna dini," alisema.

Akatoa kitambaa mfukoni, maana hakutembea bila kitambaa, akaegemea kwa mkono mmoja kwenye upau wa chuma uliokatiza juu ya injini, na kwa mkono mwingine akaanza kufuta. Alifuta pande, akafuta katikati, akafika kwenye bolti moja kando ya koili.

Akaruka. Aliruka kinyumenyume kama mbuzi aliyekanyaga makaa, akapiga teke kopo la nati, nati zikatapakaa chini ya magari yote. Kobe alifungua macho, akamwona shemeji yake ameukumbatia mkono kama mtoto mchanga. Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu habari ya koili, kwa hiyo kicheko kilitoka chote.

"Limeniuma," Msasa alisema. "Gari lenu lina meno."

Kobe akamwambia ndiyo malipo ya kushikashika nyaya za plagi za watu. Kompyuta akatoa kichwa dirishani. Akasema, bila kucheka, kwamba injini hii haina nyaya za plagi. Koili zimekaa juu ya plagi zenyewe. Hakuna kitu pale juu kinachotakiwa kumpiga mtu.

Kicheko cha Kobe kilikatika kama kimefungwa bomba. Akaomba Msasa amwonyeshe kidole kilikuwa wapi hasa. Msasa akasema yeye ana mke na anamtaka mke huyo aendelee kuwa na mume, hivyo kama ni kuonyesha ataonyesha kwa penseli. Akanyoosha penseli kwa mbali. Ilikuwa ile bolti moja, inayobana ncha za nyaya nne nyembamba kwenye mfuniko.

Nyaya zile nne zilikuwa za ethi. Umeme una tabia ya mtu mwenye kwao: ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na ukizuiwa kurudi hautoki vizuri. Kila koili ina waya wake wa ethi wa kurudishia, na Kompyuta alipozifunga siku za mwanzo alizikusanya zote nne akazibana kwenye mfuniko wa injini kwa bolti moja. Ilikuwa sawa kabisa. Mfuniko ulikuwa alumini tupu, alumini imegusana na bolti, bolti na injini, na injini na betri.

Binti alikuwa ameacha kufagia. Aliuinamia mfuniko, akautazama, kisha akauliza kwa upole:

"Mjomba, ulipaka hata ndani?"

"Ndani?" Msasa alijinyoosha. "Ndani nilipiga mikono miwili. Kwenye matundu ya bolti nilipuliza kwa..."

Watu watatu walikuwa wanamtazama.

Kobe hakutaka kuamini upesi. Alichukua mita, akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ile bolti. Kwa injini yenye ethi nzuri mita ingesoma sifuri au jirani yake. Namba ziliruka juu na chini kama vifaranga waliomwagiwa punje. Akabadilisha betri ya mita, akapima tena. Zikaruka vile vile.

Basi mambo yakajipanga yenyewe. Mfuniko ulivaa rangi juu, chini na matunduni. Chini yake umekalia gasketi ya mpira, na bolti zake zina pete za mpira. Ulikuwa umekaa juu ya injini kama sufuria juu ya kata ya kichwani: umebebwa na injini bila kuigusa. Umeme wa koili ulikuwa unajipenyeza kwa mikwaruzo midogo kwenye nyuzi za bolti, na ulipopata upenyo mwembamba, cheche ikawa nyembamba. Msasa alipogusa bolti huku ameegemea upau, ukapata njia ya kurudia mwilini mwake. Gari likitembea taratibu, inatosha. Presha ikipanda, haitoshi. Na zile koili mpya zilizoponya gari kwa jioni moja hazikuponya kitu. Kobe alipofungua bolti na kuirudisha, aliikwaruza rangi kidogo, umeme ukapata mlango, na joto na mtikisiko vikaufunga mlango kabla ya asubuhi.

Zogo halikukosekana. Msasa alisema hakuna aliyemwambia aache mahali pa uchi. Kobe akauliza ni nani aliyemtuma kupaka rangi matumbo ya tundu, kwani kuna mgeni atakayelala humo. Kompyuta akasema yeye alielekeza nyaya zirudishwe zilipokuwa. Kobe akasema na ndipo alipozirudisha, bolti ile ile, tundu lile lile. Wote watatu walikuwa wamefanya kazi yao vizuri, na gari likaugua kwa uzuri huo. Na kuhusu wiki ile, walifanya mambo mawili: waliongeza presha na walivika injini mfuniko mwekundu. Wakalikumbuka la kwanza kwa sababu lina nguvu, wakalisahau la pili kwa sababu ni zawadi.

Kobe akanyoosha mkono achukue msasa wa karatasi aikwangue rangi. Yule Msasa mwingine akaweka kifua mbele ya injini. Ikabidi binti aamue. Akasema hakuna haja ya kumvua mtu nguo. Waongeze waya mnene kutoka kwenye zile ncha nne mpaka kwenye chuma cha injini yenyewe, mahali pasafi. Kobe alimwangalia mwanawe, akaona aibu kidogo kwa kutolifikiria, akaona fahari kubwa zaidi, akamwambia tu alete spana.

Waya ukafungwa. Mita ikasoma sifuri, ikatulia. Binti akaenda mlimani na Kompyuta, wakarudi, na kabla hawajashuka Kobe alijua kwa jinsi mlango ulivyofunguliwa.

Lakini hakukimbilia nyumbani kutangaza. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alikwenda taratibu, akamkuta mkewe cherehani, akamweleza habari za ethi, akatumia sufuria na kata ili aeleweke. Mke alishona mshono wake mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Hata koili ulisema hivyo hivyo."

"Nilisema."

"Basi nionyeshe likiumwa, kisha nionyeshe likipona. Na mimi nikiwa ndani."

Kobe alitaka kukataa. Halafu akaona kwamba mke wake, ambaye hakuwahi kushika spana maishani, amesema jambo ambalo yeye fundi alipaswa kulifanya kabla ya kula sahani mbili. Ugonjwa usioweza kuurudisha kwa mkono wako, hujaujua. Umeondoka tu kwa hiari yake, na utarudi kwa hiari yake.

Kesho yake jioni, jua likiwa bado juu, wakaenda kwenye barabara ya machimbo ya mawe. Machimbo yalikuwa yamefungwa, barabara haina gari, na mlinzi wa geti alikuwa mteja wa Kobe. Barabara ilipanda moja kwa moja, ikapinda nyuma ya mwamba, ikapanda tena. Ndani ya gari kulikuwa na viti viwili tu, hivyo Kobe alibaki chini. Mkewe alivaa kofia ngumu ya mashindano juu ya mtandio. Akafungwa mikanda na binti yake, akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Kobe akafungua boneti, akachomoa ule waya mnene, akauning'iniza pembeni. Akafunga boneti. Akampungia binti mkono.

Gari likaondoka. Alilifuata kwa masikio: gia ya kwanza, ya pili, mluzi wa turbo unaanza, ya tatu. Na hapo likakohoa. Kishindo, kimya, kishindo, kishindo, kimya. Mlima wote ulikuwa unarudisha mwangwi wa ule ugonjwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kobe alisikia gari lake likiumwa na akafurahi, akawa anaitikia kwa kichwa peke yake barabarani kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Waliporudi, midomo ya mkewe ilikuwa imebanwa mpaka imepauka. Sasa alikuwa amekiona kile alichosimuliwa mezani siku ile. Amekisikia mgongoni mwake mwenyewe. Hakushuka. Alifanya ishara ya kidole: la pili.

Kobe akaurudisha waya. Alikaza bolti, akauvuta waya, akakaza tena. Alifunga boneti, akasogea kando.

Gia ya kwanza. Ya pili. Mluzi ukaanza, ukapanda. Ya tatu, na Kobe akabana pumzi pale pale palipokuwa pa kukohoa. Hapakukohoa. Sauti ilipanda kama kitambaa kinachochanwa moja kwa moja, bila kukwama, ikapita mahali pa ugonjwa, ikaingia gia ya nne, ikazunguka mwamba, ikaendelea kupanda upande wa pili akiwa haoni gari tena, anasikia tu. Kobe akatoa pumzi.

Kisha sauti ikakatika.

Haikukohoa. Ilikuwepo, ikanguruma chini kidogo, ikaisha. Kobe akasubiri iwake tena. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi. Akasubiri. Akafikiria bolti, je, aliikaza? Aliikaza. Akafikiria petroli, akafikiria turbo, akafikiria ukingo wa barabara kule juu, ambao hauna ukuta. Hapo akaacha kufikiria na kuanza kukimbia.

Hakuwa mtu wa kukimbia. Tumbo lilikwenda upande wake na miguu upande wake. Spana ilimpiga pajani kila hatua, akaitoa mfukoni akaitupa, yeye ambaye kutupa spana aliona ni dhambi. Alipofika kwenye mwamba kifua kilikuwa kinapuliza kama mivukuto ya mhunzi. Akauzunguka.

Gari lilikuwa limeegeshwa kando vizuri, magurudumu yamenyooka, vioo vimeshushwa. Binti alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alipomwona baba yake anakuja kwa hali ile, alisimama upesi, akaweka kidole mdomoni.

Kobe hakuwa na pumzi ya kuuliza. Akanyoosha mkono tu kuelekea kwenye injini.

"Nimezima mwenyewe," binti alinong'ona. "Amelala."

Kobe akachungulia. Mkewe alikuwa amelala kwenye kile kiti kigumu, mikanda bado kifuani, kofia imemwinamia, mdomo umeachama kidogo. Tangu siku ya lori, mwanamke huyu alikuwa anaamka usiku na kwenda kusimama mlangoni mwa chumba cha binti, asikilize mtu anapumua. Kobe alikuwa anajua. Alikuwa anajifanya amelala, kwa sababu hakuwa na neno la kumwambia.

Binti alimsogeza pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini. Walipofika juu mama aliomba wasimame kidogo apate upepo. Kisha akauliza kama siku ya mashindano watazamaji wanapata kivuli, au aje na mwavuli wake. Binti akamjibu aje nao. Akasema haya, na kabla binti hajazima injini, alikuwa ameshalala.

"Mwavuli," Kobe alisema.

"Ule mkubwa."

Kobe akatikisa kichwa, akatafuta mahali pa kukaa. Alikaa chini, mgongo akauegemeza kwenye gurudumu la nyuma, na binti akaja akakaa kando yake. Injini ilikuwa inapoa, chuma kinatoa sauti ndogondogo. Bado palikuwa na kazi: kurudisha koili za watu, kuishusha winchi kwenye boriti, kuitafuta ile spana kwenye nyasi kabla giza halijaingia. Binti akauliza kama wamwamshe mama waondoke. Kobe akasema hapana, mwache. Wakakaa.